Sindano Mpya ni Ipi?

Miongoni mwa maneno tuyatumiayo hospitalini bila ya kuyachunguza ni hili la "sindano". Sindano ni kile chuma kichomacho. Sindano ni bomba lishikalo dawa. Tena sindano ni lile tendo lenyewe la kudungwa. Wingi huu wa maana wapendeza darasani, lakini katika chumba cha matibabu waweza kuleta balaa.

Huko Tulia, Kitui, jirani yetu mmoja wa makamo alitakiwa apimwe kifua kikuu kwa kipimo cha ngozi. Kipimo chenyewe ni chepesi: tuberkulini, mililita 0.1 tu, huingizwa katika ngozi ya kigasha, na uvimbe hupimwa baada ya saa 48 hadi 72. Mama huyo hakuogopa uchungu, aliogopa ukimwi. "Mwalimu, watabadilisha sindano?" akaniuliza.

Hofu hiyo isidharauliwe. Virusi vya ukimwi, na vile vya homa ya ini aina ya B na C, huweza kuambukizwa kwa vifaa vilivyokwisha kumdunga mtu mwingine. Wala haitoshi kubadilisha chuma peke yake, kwani damu isiyoonekana kwa macho huweza kurudi ndani ya bomba. Isitoshe, kichupa kimoja cha tuberkulini huhudumia watu kadhaa. Kikivutwa dawa kwa bomba lililotumika, wote wanaofuata wamo hatarini. Basi muuguzi ajibuye kwamba "sindano ni mpya" aweza kusema kweli juu ya chuma, na bomba likawa la jana.

Nilimshauri mama yule asiulize kama sindano ni mpya, bali aseme: "Daktari, naomba uifungue pakiti mbele yangu, bomba na sindano yake." Kauli hiyo haina utovu wa adabu. Haimshutumu mtu, yaomba kuona tu.

Hata hivyo, mzigo huu usiachiwe mgonjwa, ambaye mara nyingi humwonea haya mwenye koti jeupe. Muuguzi na afungue pakiti hadharani bila ya kuombwa, avute dawa mgonjwa akitazama, kisha avitupe vyote viwili katika sanduku la vifaa vyenye ncha kali. Kumwambia mtu "tulia" ni rahisi. Kumwonyesha sababu ya kutulia ndio uuguzi.