Supu Baridi ya Matunda kwa Siku ya Mandari

Askari aliyekesha zamu ya usiku, anapoambiwa asubuhi kwamba supu iko tayari, hutazamia bakuli la mchuzi wa mifupa unaotoa mvuke, pamoja na ndimu na pilipili kando yake. Akiletewa badala yake bakuli la supu tamu, nyekundu, yenye vipande vya matunda na ubaridi kama wa maji ya mtungini, huenda akadhani anafanyiwa mzaha. Hata hivyo supu ya namna hiyo ipo, na katika nchi kadhaa za Ulaya ni chakula cha heshima ambacho watu hukingojea mpaka majira ya joto yafike.

Familia nyingi hupenda kuitumia siku ya mapumziko kwa kwenda mandari, kando ya ziwa au chini ya miti yenye kivuli. Chakula kikuu kikishaliwa, watoto hutaka kitu kitamu, na watu wazima hutaka kitu cha kuwaburudisha kutokana na jua. Supu baridi ya matunda hutimiza haja zote mbili kwa gharama ndogo. Lakini mpishi hana budi kukumbuka jambo moja tangu mwanzo: chakula cha moto hupitia motoni muda mfupi kabla ya kuliwa, na moto huo humlinda mlaji, chakula cha baridi hakina moto wa pili. Uchafu utakaoingia baada ya kuipua sufuria utafika mpaka kinywani mwa mtoto. Kwa hiyo uzuri wa supu hii, na usalama wake pia, hutegemea uangalifu wa jana yake.

SUPU YA WAHUNGARI

Miongoni mwa mataifa yanayosifika kwa supu hii ni Hungaria, nchi ya Ulaya ya kati isiyopakana na bahari. Huko joto la mwezi wa Juni, Julai na Agosti mara nyingi hupita nyuzi 30, na familia nyingi hukimbilia Ziwa Balaton, ambalo lina urefu wa kilometa 77 hivi. Wakati huo huo huiva tunda dogo jekundu liitwalo cheri. Wahungari wana cheri za namna mbili: tamu, ambazo huliwa hivi hivi, na chachu, ambazo hupendwa zaidi kwa kupikia. Miti ya cheri chachu huonekana katika bustani za nyumba na hata kando ya barabara za vijijini.

Supu ya cheri chachu kwa lugha yao huitwa meggyleves. Kwa watu sita huchukuliwa kilo moja ya cheri, maji lita moja na nusu, sukari gramu 150, kijiti cha mdalasini, karafuu nne au tano, ganda la limau na chumvi kidogo sana. Vitu hivyo huchemshwa pamoja kwa muda wa dakika kumi. Kisha huandaliwa krimu iliyochachuka, ambayo ni mafuta ya maziwa yaliyogandishwa hata yakafanana na mtindi mzito. Krimu hiyo, kiasi cha robo lita, hukorogwa na vijiko viwili vya unga wa ngano mpaka mabonge yaishe.

Hapa ndipo mpishi mwenye pupa huharibu kazi. Krimu baridi ikimiminwa yote kwa mara moja ndani ya mchuzi mkali unaochemka, hukatika ikawa chembechembe nyeupe. Mhungari huchota kwanza upawa mmoja au miwili ya mchuzi wa moto, akauchanganya polepole katika bakuli la krimu huku akikoroga. Krimu ikishapata joto ndipo huirudisha sufuriani, naye huendelea kukoroga mpaka supu ichemke tena kwa dakika chache na unga uive. Baada ya hapo supu hupozwa, huwekwa mahali penye baridi kwa saa kadhaa, na huliwa ikiwa baridi kabisa. Wengi huinywa mwanzoni mwa chakula cha mchana, lakini kwa utamu wake hufaa pia kufuata chakula.

Baadhi ya wapishi huziacha kokwa ndani ya cheri kwa kuwa huongeza harufu nzuri. Kwa nyumba yenye watoto wadogo ni afadhali ziondolewe, kwa maana kokwa huweza kumkaba mtoto. Aidha kokwa za cheri zisipondwe wala zisisagwe, kwa kuwa ndani yake mna kitu ambacho, kikisagwa, hutoa sumu.

Wahungari si peke yao. Wapoland na Wajerumani nao wana supu zao za matunda. Huko Uswidi, katika mashindano ya kuteleza juu ya theluji yaitwayo Vasaloppet, yaliyoanza mwaka 1922 na yenye umbali wa kilometa 90, washindani hupewa njiani supu ya matunda madogo ya porini yenye rangi ya buluu nzito. Kwa sababu ya theluji hupewa ya moto. Kiangazi supu hiyo hiyo huliwa baridi. Askari yeyote aliyewahi kutembea mwendo mrefu akiwa na mzigo mgongoni ataelewa mara moja thamani ya sukari na maji yaliyounganishwa katika kikombe kimoja.

KWA MATUNDA YANAYOPATIKANA

Cheri hazipatikani kwa urahisi katika masoko ya Afrika Mashariki, lakini kanuni ya supu haibadiliki: litafutwe tunda lenye uchachu na rangi, liongezewe tunda lenye utamu na harufu. Tunda damu, ambalo wengine huliita gogwe, lina uchachu na wekundu unaokaribiana na wa cheri. Nanasi huleta utamu, na pasheni huleta harufu. Mahitaji kwa watu sita ni haya:

Matunda damu manane yaliyoiva;
nanasi nusu, lililoiva vizuri;
pasheni sita;
maji safi lita moja;
sukari vijiko vinane vya mezani;
kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu nne;
wanga wa mahindi vijiko viwili vya mezani;
ndimu moja na chumvi kidogo.

Matunda yote yaoshwe kabla ya kukatwa, hata yale ambayo maganda yake yatatupwa, kwa kuwa kisu hupeleka ndani uchafu ulioko juu ya ganda. Matunda damu yamwagiwe maji yanayochemka, yaachwe dakika mbili au tatu, kisha yamenywe. Ganda lake ni chungu na halifai kuingia katika supu. Nanasi likatwe vipande vidogo vinavyoweza kuenea katika kijiko cha mtoto.

Matunda damu yachemshwe katika maji pamoja na mdalasini na karafuu mpaka yalainike, kisha mchuzi uchujwe kwa kuponda nyama ya matunda juu ya kichujio, ili mbegu na viungo vibaki. Mchuzi urudishwe motoni pamoja na nanasi, sukari na chumvi, uchemke dakika kumi. Wanga ukorogwe katika maji baridi kidogo, umiminwe polepole huku mwiko ukizunguka, na supu ichemke mpaka weupe wa wanga upotee. Mwishoni kabisa yatiwe maji ya ndimu na nyama ya pasheni, na baada ya kuchemka dakika moja tu sufuria iipuliwe.

Utaratibu huu una sababu zake. Uchachu mwingi ukichemshwa na wanga kwa muda mrefu huudhoofisha, na supu hurudi kuwa majimaji. Ndiyo maana ndimu na pasheni hungoja mwisho. Tena wanga huzidi kuwa mzito unapopoa. Supu ikiwa nzito kama uji ingali motoni, kesho yake itasimama kama ugali mwepesi. Iwapo motoni bado ni nyepesi, ikiacha utando mwembamba tu mgongoni mwa kijiko, hiyo ni dalili njema. Kuhusu sukari, ulimi huonja utamu kwa udhaifu zaidi katika chakula baridi. Basi supu inayoonekana imezidi utamu kidogo wakati wa moto itakuwa ya kiasi siku ya mandari.

Mpishi anayependa weupe wa supu ya Wahungari aweza kuongeza mtindi wakati wa kupakua, kijiko kimoja juu ya kila bakuli. Nanasi bichi likikaa pamoja na maziwa huyafanya yawe machungu, lakini lililochemshwa halina tabia hiyo, kwa kuwa moto huua nguvu yake ya kuvunja protini ya maziwa. Mtindi usafirishwe katika chombo chake, nao ukae katika baridi.

KUPOZA NI NUSU YA UPISHI

Wapishi wengi hudhani kwamba kazi imekwisha sufuria inapoteremshwa. Kwa chakula hiki kazi ndiyo kwanza imefika nusu. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni tano za usalama wa chakula, na mojawapo yasema kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika hali ya kawaida ya hewa zaidi ya saa mbili, na kwamba kinachowekwa baridi kiwe chini ya nyuzi tano. Kati ya nyuzi tano na nyuzi sitini vijidudu huongezeka upesi. Sufuria kubwa iliyofunikwa na kuachwa mezani usiku kucha hukaa katika hatari hiyo kwa saa nyingi, maana katikati yake hubaki na uvuguvugu hata kama pembeni imepoa.

Njia iliyo bora ni kuigawanya supu katika vyombo vidogo visivyo na kina kirefu, kuvisimamisha ndani ya karai la maji baridi, na kukoroga mara kwa mara kwa kijiko safi. Maji ya karai yakipata joto, yabadilishwe. Supu ikishapoa iwekwe katika jokofu, ikiwa imefunikwa, nayo ilale humo mpaka asubuhi.

Nyumba isiyo na jokofu si lazima ikose chakula hiki, lakini ifuate njia nyingine. Supu ipikwe asubuhi ya siku ile ile, bila maziwa ya aina yoyote, ipozwe upesi katika karai lenye maji na barafu, kisha itiwe mara moja katika chupa ya chai. Chupa hiyo, ambayo msingi wake uligunduliwa na mwanasayansi wa Uskoti James Dewar mwaka 1892, haijui kama kilichomo ni cha moto au cha baridi. Kazi yake ni kuzuia joto lisipite, liwe la kutoka au la kuingia. Kwanza ijazwe maji ya barafu kwa dakika kumi ili ipoe ndani, yamwagwe, ndipo supu itiwe.

Mtungi na chungu vina sifa yao pia. Maji yanayopenya katika udongo hukauka kwa nje na kuchukua joto pamoja nayo. Katika miaka ya 1990 mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alieneza chombo cha vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowa katikati, nacho kikawasaidia wakulima kuhifadhi mboga na matunda. Chombo hicho chafaa sana kutunza matunda yasiyopikwa. Hata hivyo baridi yake haifikii ile ya jokofu, kwa hiyo supu isilazwe humo.

SIKU YENYEWE

Barafu ya safari iwekwe nje ya chombo cha supu, isitumbukizwe ndani. Watu wengi huamini kwamba ubaridi huua vijidudu, na imani hiyo si ya kweli: vijidudu vingi hulala tu katika barafu, nayo ikiyeyuka huamka. Barafu iliyogandishwa kwa maji yasiyochemshwa yaweza kuharibu kazi yote ya jana.

Chombo kikae kivulini, na kifunguliwe wakati wa kula tu. Upawa mmoja utumike kupakua, na mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla vikombe havijagawiwa. Supu ikishatoka katika baridi iliwe ndani ya saa mbili; jua likiwa kali kupita nyuzi 32, saa moja yatosha. Itakayosalia baada ya hapo imwagwe, ingawa moyo wa mwenye kununua sukari utaona uchungu. Uchungu huo ni mwepesi kuliko ule wa kumbeba mtoto mwenye kuharisha usiku kumpeleka zahanati, wakati baba yuko lindoni na usafiri haupatikani.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya chakula hiki haihitaji fedha nyingi wala vyombo vya fahari. Yahitaji maji safi, karai, saa ya kutazama, na mpishi asiyefanya haraka. Baba aliye nyumbani siku hiyo aweza kubadilisha maji ya karai, na watoto wakubwa wakaosha matunda. Familia iliyoiandaa supu yake hivyo jana, leo yaweza kukaa chini ya mti, kufungua chombo, na kupitisha vikombe bila wasiwasi wowote.