Saketi Inayoiendesha Tochi ya LED

Katika vijiji vya Walungu, kusini-magharibi mwa Bukavu, ambako umeme wa mabwawa ya mto Ruzizi haufiki kila nyumba, na katika mashimo ya dhahabu ya Mukungwe, ambako mchimbaji hushuka na tochi iliyofungwa kichwani, mwanga hutegemea kibao kidogo cha saketi kilichofichwa nyuma ya taa.

LED ni diodi, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ambayo hutoa mwanga mkondo unapopita ndani yake. Ile nyeupe huwaka vyema kwenye volti 3 hivi, lakini volteji ikizidi hapo kidogo tu, mkondo huongezeka kwa kasi, diodi hupata joto, na joto hilo nalo huifanya ipitishe mkondo zaidi, hata ikaungua. Kwa hiyo kazi ya saketi ni kuuzuia mkondo usivuke mpaka.

Njia rahisi kuliko zote ni rezista, yaani kipande kinachoukinza mkondo. Mawe matatu mapya, yaani betri kavu za tochi, hutoa volti 4.5, LED ikichukua 3.2, volti 1.3 zinazobaki huangukia kwenye rezista, ambayo ikiwa ya omu 10 itapitisha milliampea 130. Mawe yakichoka hadi volti 1.2 kila moja, mkondo hushuka hadi milliampea 40 hivi, na ndiyo maana tochi hizo hufifia polepole. Nyingine hazina hata rezista, bali hutegemea ukinzani uliomo ndani ya mawe yenyewe, hivyo fundi anayeyaondoa na kuweka betri yenye nguvu zaidi huiunguza taa pasipo kujua sababu.

Tochi ya jiwe moja ni fumbo zaidi, kwa kuwa volti 1.5 haziwezi kuiwasha LED nyeupe. Ukiifungua utaona koili, waya mwembamba uliozungushwa kwenye kiini cheusi, pamoja na transista, ambayo ni swichi inayounganisha na kukata njia ya umeme maelfu ya mara kwa sekunde: njia ikiunganishwa, koili hujaa nguvu ya sumaku, ikikatwa ghafla, nguvu hiyo hugeuka volteji inayojumlishwa na ile ya jiwe, na LED huwaka. Jicho halioni kukatika huko. Kwa ustadi huo, jiwe lililoshindwa kuendesha redio huweza bado kutoa mwanga, na saketi hii, ingawa ni ngumu kutengeneza, inastahili bei yake.

Tochi za kuchaji moja kwa moja kwenye soketi zahitaji tahadhari ya pekee. Nyingi hupunguza volti 220 kwa kapasita tu, kifaa kinachohifadhi chaji, bila transfoma ya kuitenga saketi na umeme wa nyumbani. Tochi ya namna hiyo isifunguliwe kamwe ikiwa imechomekwa, na hata baada ya kuchomolewa, kapasita isiguswe kabla chaji yake haijaondolewa.