Likizo kwa Baiskeli: Tanga Hadi Malindi

Wafanyakazi wengi tunaowafahamu huitumia likizo kwa njia mbili. Wengine huenda kijijini kulima shamba la familia, wengine hubaki mjini wakitafuta kibarua cha kuongezea mshahara. Hatuwalaumu, maana mshahara unajulikana. Lakini mwezi wa Agosti sisi tuliamua kwenda kutembea tu, kwa baiskeli, kutoka Tanga hadi Malindi nchini Kenya, karibu kilometa 300. Tusemapo "sisi" ndugu wasomaji msidhani tulikuwa kundi. Alikuwa mwandishi mmoja na Phoenix yake, pampu, viraka na gundi, na mkeka uliofungwa kwenye kerieri.

Mwezi tuliuchagua kwa hesabu ya mabaharia. Wakati huo huvuma kusi, na aendaye kaskazini upepo humsukuma mgongoni. Majahazi ya zamani yalipanda pwani kwa upepo huohuo. Anayetaka kurudi kwa baiskeli angoje kaskazi mwezi wa Desemba, la sivyo apande basi.

Mpakani Horohoro hati yetu ya kusafiria ilipigwa mhuri upesi. Baiskeli ndiyo iliyotazamwa sana. Ng'ambo ni Lunga Lunga. Wadigo wako pande zote mbili, kwa hiyo salamu hazibadiliki, hubadilika fedha tu. Kesho yake tulipita Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988. Miaka mingi baadaye kampuni nyingine ilikuja kupanda miwa tena katika wilaya hiyo. Wanaofanya kazi viwandani wanajua maana ya miaka hiyo ya katikati.

Ukunda ndipo penye hoteli za Diani. Jioni tulikaa kwenye kibanda cha chai na kijana mmoja mpishi wa hoteli. Alituuliza mwajiri wetu ametupa siku ngapi. Tulipomwambia 28, tena kwa mshahara, alicheka. Kwake, alisema, masika yakiingia na wageni wakipungua, wafanyakazi huambiwa waende nyumbani mpaka waitwe, bila malipo, na kitu hicho huitwa likizo.

Hapo tulisahau uchovu. Tulimwomba karani wa kibanda karatasi tukaandika hesabu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku za kazi zisizopungua 21 kila baada ya miezi 12, kwa mshahara kamili. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo, Jumapili zikiwemo. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki, sheria yetu humpa siku 24 za kazi, hivyo anamshinda Mkenya kwa siku tatu. Lakini wa siku tano hupata 20 tu, na hapo Mkenya ndiye amezidi kwa moja. Na kwetu sheria inasema malipo ya likizo yatolewe kabla likizo haijaanza. Ni wangapi kati yenu mnaoyapata kabla? Kuwaambia watu wakae nyumbani bila senti si likizo katika nchi yoyote ya hizi mbili. Kijana aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Alisema ataionyesha wenzake, wala hakuahidi zaidi, na sisi hatukumshurutisha. Ana mke na mtoto.

Likoni mtu wa miguu huvuka bure. Tulisimama na baiskeli katikati ya umati wa waendao kazini, mtu juu ya mtu. Wazee wa pale hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka asubuhi karibu na ufuko. Ilikuwa na uwezo wa watu 300, ikabeba kiasi cha 400. Walikufa watu 272, wengi wao wakiwahi kazini. Kufa kwa sababu ya kuogopa kuchelewa ni jambo la kutisha.

Mombasa tulilala siku mbili. Wengine huenda kuitazama Ngome ya Yesu, nasi tulikwenda, lakini akili yetu ilikuwa kwenye Januari 1947. Mwezi huo wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma: makuli wa bandarini, watu wa reli, wa hoteli na hata maboi wa nyumbani. Walikutana kwenye uwanja wa Kiembeni wakauita Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa uhamishoni bara. Mwezi wa Septemba makuli wa Dar es Salaam nao waliweka mizigo chini.

Baada ya Mtwapa ni Vipingo, na hapo mtu wa Tanga hajisikii mgeni. Mkonge mistari kwa mistari, harufu ya korona, singa zikianikwa kwenye waya. Wakataji walipumzika tukazungumza, na neno moja likatugonganisha: kipande. Kwetu kipande kilikuwa kadi ya manamba yenye siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza kazi haikuhesabiwa. Wao babu zao walivaa kipande shingoni, ndani ya kikopo cha bati, ili kila askari aweze kukisoma. Likizo haikuwemo katika kipande cha aina yoyote. Mmoja wao alituuliza kwa nini tunapoteza likizo kwa kukanyaga baiskeli juani. Tulimjibu kwamba juani hapa hatuna mnyapara. Alikubali kwa kicheko, akatupa madafu mawili.

Daraja la Kilifi ni zuri, na magofu ya Gede yanastahili nusu siku. Ndani ya msitu ule kuna ubaridi hata saa sita mchana. Malindi tulioga baharini na kulala usingizi wa mchana kama watoto.

Kurudi ilikuwa kwa basi, baiskeli juu ya keria, baada ya kubishana na utingo kuhusu nauli yake. Siku ya 12 tulikuwa Tanga. Zimebaki 16, na hizo tumelima.