Kompyuta za Bei Nafuu Zinazotegemea Wingu: Faida na Hasara Zake

Leo tunazungumza nanyi mliokusanyika Kibara, pamoja na wenzenu wa Bunda, Butiama na Musoma. Shikeni kalamu, maana mwishoni kuna maswali.

Somo letu linahusu kompyuta mpakato, yaani ile ndogo ya kukunja, ambayo mtu aweza kuipakata mapajani. Ziko za aina nyingi. Sisi tutatazama aina moja, ambayo kwa kawaida bei yake ni ya chini. Jina lake ni Chromebook. Mpango wake ni wa kampuni ya Google ya Marekani, na za kwanza ziliuzwa mwaka 2011.

Kwa nini bei yake ni nafuu? Kompyuta ya kawaida ni kama nyumba yenye ghala lake kubwa. Chromebook ina kighala kidogo tu. Mali nyingi huwekwa katika ghala la mbali. Ghala hilo ndilo liitwalo “wingu”. Lakini msidhani kwamba liko angani! Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta. Jumba moja la Google liko Hamina, nchini Finland, mahali palipokuwa kiwanda cha karatasi. Njia ya kufika huko ni intaneti. Kwa kuwa kazi nyingi hufanyika huko, kompyuta uliyo nayo haihitaji vyombo vya gharama kubwa.

Tuchukue mfano. Chama cha kuweka na kukopa cha watu ishirini, wavuvi wa dagaa na wakulima wa pamba, kinachanga fedha ili kinunue kompyuta ya kuandikia hesabu. Je, kinunue hii? Tupime pande zote mbili.

Tuanze na faida. Kwanza ni hiyo bei. Pili, betri za nyingi hudumu saa nane au zaidi, nalo ni jambo jema umeme unapokatika. Tatu, hesabu haziharibiki upesi. Karani akivuka kwenda Ukerewe kwa kivuko cha Kisorya, kompyuta ikamponyoka majini, hesabu zilizokwisha kufika katika wingu hazizami. Atafungua kompyuta nyingine, au hata simu, na kuzikuta.

Sasa hasara. Kwanza, intaneti ikikosekana, ghala limefungwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Yawezekana kuandika bila intaneti, kama umeitayarisha kompyuta mapema, lakini maandishi hayo hayafiki katika wingu mpaka mtandao urudi.

Pili, bei ya dukani si bei yote. Tuseme chama kinanunua kifurushi cha shilingi 10,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 120,000. Kwa miaka mitatu ni shilingi 360,000. Fedha hizo nazo ni za wanachama.

Tatu, programu zilizotengenezwa kwa kompyuta za Windows kwa kawaida haziingii humo, na printa nyingi za zamani hazipatani nayo.

Nne, kompyuta hii ina tarehe ya mwisho. Google huitengeneza kwa njia ya intaneti, ikiziba matundu ambayo wezi wangeweza kupitia. Kila aina ina tarehe ambayo huduma hiyo hukoma. Mwezi wa Septemba 2023 Google ilitangaza kuwa huduma itafika miaka 10. Lakini angalieni sana: miaka hiyo huhesabiwa tangu aina ile ilipotolewa, si tangu siku uliyoinunua wewe. Ukiuziwa iliyokwisha kutumika, huenda umebakiwa na miezi michache tu. Itawaka, lakini mlango wake hauna mlinzi.

Basi, kabla ya kulipa, iwasheni mbele ya muuzaji. Fungueni Mipangilio, kisha sehemu ya Kuhusu ChromeOS, msome tarehe ya mwisho. Ingieni kwa akaunti yenu wenyewe. Ikidai akaunti ya shule au kampuni fulani, msiinunue. Neno la siri lijulikane na viongozi wawili, kwa sababu karani mmoja akihama nalo, hesabu zimehama naye. Na kila mwisho wa mwezi jumla iandikwe katika daftari la karatasi.

Jambo moja zaidi, nalo halina gharama kubwa. Kabla ya kuchanga fedha, jaribuni mtandao kwa simu mahali pale pale atakapokaa karani, asubuhi na jioni, kwa muda wa juma zima. Ukiwa imara, na kazi yenu ni kuandika na kuhesabu, kompyuta hii yawafaa. Ukiwa wa kuja na kwenda, afadhali mnunue ya kawaida yenye ghala lake, ingawa bei imezidi.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. “Wingu” ni kitu gani, na liko wapi?
2. Kifurushi cha shilingi 15,000 kwa mwezi ni shilingi ngapi kwa mwaka?
3. Kwa nini yafaa kusoma tarehe ya mwisho kabla ya kulipa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.