Wanafunzi Wenye Ndevu

Samaki mkunje angali mbichi, husema wazee. Wengi huishika methali hii wanapokataa kujifunza lugha mpya ukubwani. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za watu wazima walioanza Kichina bila kamusi wala sarufi.

Padri Michele Ruggieri, Mwitalia, alifika Macau mwaka 1579, mwenye umri wa miaka 36 hivi. Kabla ya upadri alikuwa mwanasheria. Mkubwa wake, Padri Alessandro Valignano, alimwagiza ajifunze kusoma, kuandika na kusema Kichina. Lakini wenzake pale Macau waliona anapoteza wakati bure. Mwalimu wake mmoja wa mwanzo alikuwa mchoraji. Alipotaka kumfundisha neno «farasi», alichora farasi, akaandika alama yake juu ya picha, kisha akaitamka: ma. Basi bwana sheria akasoma kwa picha, kama watoto wetu wa darasa la kwanza, wala hatuoni aibu yoyote katika jambo hilo.

Hiyo ma ina mtego. Katika Kichina cha leo, ma ya sauti ya juu iliyonyooka ni mama; ikipanda, ni katani; ikishuka kisha ikapanda, ni farasi; ikianguka ghafula, ni kutukana. Ajuaye Kiswahili tu hushangaa. Lakini hapa Kongo wako wengi wenye masikio yaliyokwisha kuzoea. Msema Lingala ajua kwamba moto, kwa sauti ya chini mwanzo na mwisho, ni mtu, na motó, mwisho ukipanda, ni kichwa. Mtu huyo akiingia darasa la Kichina, sikio lake limemtangulia. Lakini asijivune! Alama za kuandika zamngoja kama wengine. Msoma gazeti hutakiwa kujua elfu mbili au tatu, na dawa yake ni moja tu: kuziandika tena na tena.

Mwaka 1582 Padri Matteo Ricci, karibu wa miaka 30, alikuja kujifunza pamoja na Ruggieri, na mwaka uliofuata wakahamia mji wa Zhaoqing, ndani ya China. Huko wakatunga kamusi ya Kireno na Kichina. Matamshi waliyaandika kwa herufi zetu, lakini bila alama za sauti. Hivyo mama na farasi walivaa nguo moja. Aliyewatoa katika shida hiyo ni Padri Lazzaro Cattaneo, mjuzi wa muziki. Sikio lake lilimsaidia Ricci kuzitenga sauti tano za Kichina cha wakati ule, na kila moja ikapewa alama yake. Hata leo mwalimu wa Kichina huwawekea wanaoanza alama juu ya herufi.

Mwaka 1595 Ricci aliandika kwa Kichina kitabu kidogo juu ya urafiki, na mwaka 1607 yeye na mtaalamu Xu Guangqi wakatoa kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya jometri ya Euclid. Ruggieri alikuwa amerudi Ulaya tangu 1588. Kamusi yao ilisahauliwa katika hifadhi ya Wajesuiti huko Roma, hata ikaonekana tena mwaka 1934. Ina maneno ya Kireno yapata 6000, na mahali pengi upande wa Kichina ungali mtupu.