Watoto na Trekta za Miwa

Wakulima wa Alupe na pande zote za Teso Kusini wanajua mambo yanavyokuwa trekta ya miwa ikipita. Watoto hutoka nyumbani mbio, wakaifuata nyuma, na mmoja wao akaning'inia kwenye trela ili achomoe muwa. Watu wazima hutazama na kucheka, kwa kuwa wengi wao walifanya vivyo hivyo utotoni. Si mchezo, na yafaa tueleze sababu.

Dereva wa trekta huketi mbele, na nyuma yake pana mzigo uliopanda juu kuliko kichwa chake. Hata akigeuka, haoni ila miwa. Injini nayo hunguruma hata asisikie mtoto akilia. Tena muwa uliobanwa na wenzake hautoki kwa urahisi: mtoto huvuta kwa nguvu zake zote, muwa ukikatika ghafula naye huanguka, na gurudumu li karibu.

Mahali pabaya zaidi ni pale trekta inapokata kona kutoka njia ya shamba na kuingia lami. Magurudumu ya trela hayapiti mahali yalipopita yale ya trekta. Huvutwa kwa ndani ya kona. Mtoto aliyesimama ukingoni, akaona trekta imempita salama, aweza kukanyagwa na trela pale pale aliposimama. Mwenye shaka na atazame alama za magurudumu kwenye udongo baada ya mvua.

Siku ya kupakia, mwenye shamba awatengee watoto miwa kidogo nyumbani, mbali na njia. Ofisini twapenda sana kuhesabu tani, lakini miwa hiyo michache haipunguzi malipo ya mtu. Kisha mtu mzima mmoja asimame mahali ambapo dereva anamwona, na trekta isiondoke mpaka ametazama nyuma na chini ya trela na kutoa ishara.

Barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba ina hatari nyingine, nayo ni foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi mwaka 2018 ili kupunguza kungoja huko, lakini mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa korona, foleni zilikuwa ndefu mno. Mtoto akipita mbele ya lori lililosimama, karibu na pua yake, dereva aliyeketi juu hamwoni. Akichomoza upande wa pili, gari dogo liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Mguu wa dereva haujafika kwenye breki, nalo limekwisha kumfikia. Watoto wa shule wafundishwe kusimama kwenye kona ya lori, wachungulie pande zote mbili, na wasipite kamwe chini ya trela, hata kama foleni imelala hapo tangu jana.

Mwenye pikapu ahesabu watoto wote wa boma kabla ya kurudi nyuma. Wala asimwache mtoto amelala garini akienda sokoni. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, ndani ya gari lililofungwa juani joto laweza kupita nyuzi 45 katika saa moja, na kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana. Ukishuka, shuka naye.