Mercedes 300 SL na Jaguar E-Type: Kwa nini bei zatofautiana?

MNAMO Machi 1961, kampuni ya Jaguar ya Uingereza ilizindua gari la E-Type katika maonyesho ya Geneva, Uswisi. Ni katika maonyesho hayo hayo, miaka minne awali, ambapo Mercedes-Benz ya Ujerumani ilizindua 300 SL Roadster.

Magari hayo yasiyo na paa la chuma yanafanana kwa mengi. Yote hubeba watu wawili, na injini zake zina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja. Aidha, yote ni matunda ya mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, ambako Jaguar ilishinda mara tano kati ya 1951 na 1957, nayo Mercedes ikatwaa ushindi wa 1952.

Hata hivyo, leo 300 SL Roadster huuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja, ilhali E-Type hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Je, tofauti hii inatokana na ubora?

Injini ya Mercedes ina ukubwa wa lita 3.0 na nguvu za farasi zipatazo 215. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, ufundi uliokuwa adimu enzi hizo. Jaguar ilitumia kabureta tatu, lakini injini yake ya lita 3.8 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 265. Mwaka 1964 iliongezwa hadi lita 4.2.

Kuhusu breki, E-Type ilikuwa na diski kwenye magurudumu yote manne tangu siku ya kwanza, ilhali Mercedes ilitumia breki za dramu hadi 1961. Isitoshe, nchini Marekani Jaguar iliuzwa kwa takriban dola 5,600, karibu nusu ya bei ya Mercedes.

Kwa hivyo, siri ya bei ya sasa si ubora pekee, bali uchache. Mercedes iliunda 300 SL Roadster 1,858 pekee kufikia 1963. Jaguar iliunda zaidi ya E-Type 72,000 za aina zote, zikiwemo zenye paa la chuma na zile za silinda 12 zilizoanza 1971.

Kila gari lina kasoro zake. Katika 300 SL, petroli huendelea kuingia kwenye silinda kwa muda mfupi baada ya injini kuzimwa, ikachanganyika na oili. Mwenye gari asipobadilisha oili mara kwa mara, injini huharibika.

Adui mkuu wa E-Type ni kutu, hasa kwenye sakafu na chini ya milango. Maadamu mabati hayo ndiyo yanayoshikilia gari, kuyarekebisha ni kazi ghali. Rangi inayong'aa isimhadae mnunuzi, kwani uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti.

Vilevile, ni muhimu kuhakikisha kuwa nambari za injini na za bodi zinalingana na kumbukumbu za kiwanda, kwani injini iliyobadilishwa hupunguza thamani.

Anayetaka hazina adimu atavutiwa na Mercedes. Lakini anayetaka kufurahia barabara hatapungukiwa na kitu kwa kuchagua Jaguar, mradi mabati yake yawe mazima.